Subira hatarudi, ila anaweza kupata Doto

Swali: "Daktari, mimi ni mfugaji wa Rungwe, nina miaka 63. Ng'ombe wangu Subira ni chotara wa Friesian, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Amenizalia ndama saba, na enzi zake alikuwa akitoa lita 24 kwa siku. Maziwa yake yamesomesha watoto watatu. Sasa amezeeka. Mjukuu amenisomea kwenye simu kwamba Nairobi walishatengeneza ng'ombe wa nakala anayeitwa Tumaini. Je, Subira naye anaweza kutengenezwa tena? Atakuwa yeye yule? Maziwa yake yatanyweka? Mchungaji wetu anasema huko ni kushindana na Mungu. La mwisho, unisamehe kuuliza: mwanangu wa pili alifariki mwaka juzi. Sisemi arudishwe. Nauliza tu kama kwa binadamu wanaweza, maana watu wanasema mengi. Usinifiche."

Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba wa mwanao. Nitaanza na Subira, maana kwa ng'ombe yapo majibu yaliyokwisha kupimwa, halafu nitafika kwa mwanao. Umesema nisikufiche, sitakuficha.

Kunakili kiumbe hai si jambo geni kwako. Umekulia Rungwe, kwenye migomba. Kila ulipochimba chipukizi pembeni ya mgomba mama ukaenda kulipanda shimo jingine, ulitengeneza kile wanasayansi wanachokiita kloni: mmea mpya wenye vinasaba (maelekezo ya mwili yanayorithiwa) vilevile vya ule wa zamani, bila mbegu, bila dume wala jike. Pingili ya muhogo ni hivyohivyo, na rando la viazi vitamu pia. Bibi zetu waliifanya kazi hii kabla maabara hazijajengwa, na waliijua hasara yake: shamba la pacha watupu huugua pamoja. Ndizi ya Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya, ndiyo iliyotawala soko la dunia hadi miaka ya 1950, mpaka mnyauko wa Panama ulipoyamaliza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Kuvu aliyeuweza mgomba mmoja aliiweza yote, kwa sababu wote ulikuwa mgomba mmoja uliogawanywa. Wafanyabiashara wakahamia Cavendish, nayo ni kloni, na sasa ipo aina ya kuvu yuleyule inayoishambulia Cavendish. Mwaka 2013 ilithibitishwa kufika Msumbiji. Weka jambo hili akilini, tutalihitaji tukirudi zizini kwako.

Mnyama ana ugumu ambao mgomba hauna. Ukimkata Subira kipande cha sikio ukakifukia, hakichipui ndama. Ajabu ni kwamba maelekezo yamo. Kila seli ya mwili wake yenye kiini, iwe ya sikio, ya ini au ya kiwele, ina kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na vinasaba zaidi ya 20,000, yaani kila kinachohitajika kumjenga ng'ombe mzima. Lakini seli ya kiwele ilishachagua kazi yake. Fikiria nyumba ya vyumba elfu ishirini, kila chumba na kufuli lake. Seli ya kiwele imefungua vyumba vyake vya maziwa na vichache vya kuishi, vingine imevifunga, na kwa kawaida haitavifungua tena mpaka inakufa. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba kufuli hizo zikishafungwa, funguo zimetupwa.

Aliyeonyesha kwamba funguo zipo ni John Gurdon wa Oxford, na mnyama aliyemtumia ana asili ya Afrika yetu: chura mwenye kucha aitwaye Xenopus. Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiingiza ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeuawa, na baadhi ya mayai yale yakakua. Alichapisha matokeo mwaka 1962. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2012, akiwa mzee. Alichokigundua ni kwamba yai ndilo lenye funguo. Likipewa kiini cha seli iliyokwisha kukomaa, linaanza kufungua vyumba kimoja baada ya kingine.

Kwa wanyama wanaonyonyesha kazi ilichukua miaka zaidi ya thelathini mingine. Katika taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh huko Uskoti, Ian Wilmut na Keith Campbell walichukua seli za kiwele cha kondoo jike wa miaka sita, wa aina ya Finn Dorset, ambaye ana uso mweupe. Kabla ya kuzitumia walizinyima chakula kwa siku kadhaa mpaka zikalala, ili ziende sawa na yai. Wazo hilo la kuzilaza lilikuwa la Campbell, na mimi naliona ndilo lililofungua mlango. Kisha wakatoa kiini kwenye yai la kondoo wa aina nyingine, mwenye uso mweusi, kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Wakaweka seli iliyolala pembeni ya yai lile tupu na kupitisha umeme kidogo: viwili vikaungana, yai likaamka, likaanza kugawanyika. Tarehe 5 Julai 1996 kondoo mwenye uso mweusi akazaa mwanakondoo mwenye uso mweupe. Mchungaji yeyote wa kondoo angejua kwa macho tu kwamba mtoto yule hakuwa wa damu yake. Ndiye Dolly.

Sasa nisomee hesabu hii polepole, mama, maana magazeti huiruka. Mayai yaliyounganishwa na seli yalikuwa 277. Yaliyofika hatua ya kiinitete, yaani mimba changa kabisa, cha kupandikizwa ni 29. Kondoo waliobebeshwa ni 13. Aliyezaliwa ni mmoja.

Tangu wakati ule ufundi umeboreka, na ng'ombe ni kati ya wanyama wanaoitikia vizuri zaidi. Hata hivyo, katika viinitete 100 vya kloni vinavyowekwa kwenye matumbo ya ng'ombe, ndama wanaofika wakiwa hai mara nyingi hawazidi 15. Wengi hupotea mimba ikiwa changa. Wengine hufika miezi ya mwisho, kisha kondo la nyuma linashindwa kazi, maji yanajaa tumboni kupita kiasi, na ndama anakuwa mkubwa asiyeweza kupita. Wengine huzaliwa na kitovu kinene kisicho cha kawaida, au mapafu yasiyofunguka, wakafa siku chache za mwanzo. Chanzo ni zile kufuli. Yai linapewa muda mfupi mno kufungua vyumba ambavyo seli ilivifunga miaka kadhaa, na likisahau vichache tu, matokeo yanaonekana kwenye kondo na kwenye mapafu.

Mimi nimesimama zizini usiku na mtamba aliyeshindwa kuzaa, tena kwa uhimilishaji wa kawaida tu, pale mtu alipotumia mbegu ya dume kubwa kwa jike dogo. Nimeshika kisu cha upasuaji kwa mwanga wa tochi. Ndiyo maana ninaposoma taarifa ya ndama wa kloni aliyezaliwa salama, swali langu la kwanza huwa ni majike wangapi walibebeshwa mpaka huyu mmoja akapatikana, na wako wapi sasa.

Labda mjukuu atakusomea pia kwamba kloni huzeeka upesi. Hilo lilivumishwa sana Dolly alipokufa. Aliuawa kwa huruma tarehe 14 Februari 2003, akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa na uvimbe wa mapafu unaosababishwa na kirusi kinachowapata hata kondoo wa kawaida. Alikuwa ameshazaa wanakondoo sita kwa njia ya asili. Mwaka 2016 Kevin Sinclair na wenzake wa Nottingham waliwapima kondoo 13 wa kloni wenye umri wa miaka saba hadi tisa, wanne kati yao wakitokana na seli zilezile za Dolly, wakakuta wanazeeka kama kondoo wengine. Hatari kubwa iko mwanzoni. Anayeivuka huishi.

Sasa turudi kwa Tumaini. Alichokusomea mjukuu ni kweli. Tumaini ni dume la Boran aliyezaliwa mwaka 2012 kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, na mmoja wa mafundi wa kazi ile alikuwa Bill Ritchie, aliyekuwa pia katika kundi la Dolly. Lakini hawakumtengeneza ili kumrudisha fahali fulani aliyependwa. Walikuwa wanatafuta njia ya kupambana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Damu ya nyani ina protini inayoua vimelea vya ugonjwa huo, na watafiti waliwaza: tukiweza kukiingiza kinasaba kile kwenye seli ya ng'ombe, halafu tukaifanya seli ile kuwa ng'ombe mzima, tutapata mfugo usioangushwa na mbung'o. Kloni ndiyo njia ya kutoka kwenye seli hadi kwenye ng'ombe. Tumaini mwenyewe hakuwekewa kinasaba cha nyani. Alikuwa jaribio la kuona kama njia inapitika kwa ng'ombe wetu. Kwa hiyo pale Nairobi hakuna dirisha la kupelekea ng'ombe wako.

Kwingine dirisha hilo lipo, kwa wenye fedha. Dubai walimzalisha ngamia wa kwanza wa kloni, Injaz, tarehe 8 Aprili 2009, na tangu hapo ngamia wa mbio na wa mashindano ya urembo wameendelea kunakiliwa huko Ghuba. Argentina mchezaji wa polo Adolfo Cambiaso aliingia kwenye fainali ya mwaka 2016 na farasi sita, wote kloni wa jike mmoja, Cuartetera. Marekani ipo kampuni iliyotangaza bei ya dola 50,000 kwa mbwa mmoja, ambayo kwa shilingi zetu inapita milioni 100. Kwa fedha hiyo ungejenga banda, ungechimba kisima na kununua mitamba bora ya kujaza zizi.

Tuseme fedha ipo. Je, atakuwa Subira? Tanzania tuna maneno mawili yanayolijibu swali hili vizuri kuliko kitabu cha chuo kikuu: Kulwa na Doto. Pacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja, vinasaba vyao ni vilevile, na hakuna mama hata mmoja anayedhani Doto ni Kulwa. Kloni ni Doto aliyechelewa kuzaliwa. Tena undugu wake ni hafifu kidogo kuliko wa pacha halisi, kwa sababu amelala kwenye tumbo jingine, na vinasaba vichache, 37, vya zile injini ndogo za seli ziitwazo mitokondria, hutoka kwenye yai la jike mwingine kabisa.

Lile baka jeupe ulilolitaja linaweza lisiwepo. Rangi ya ngozi huletwa na seli zinazosafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete kwenda sehemu nyingine za mwili, na safari ile haifuati ramani iliyochorwa hadi nukta ya mwisho. Ndiyo maana Friesian wawili wa kloni kutoka kwa mama mmoja hutofautiana madoa. Paka wa kwanza wa kloni, CC, alizaliwa Texas tarehe 22 Desemba 2001 kutoka kwa paka mwenye rangi tatu, na hakupata hata doa la rangi ya chungwa. Kinasaba cha rangi ile hukaa kwenye kromosomu X; jike ana X mbili, kila seli huizima moja, na seli aliyotokana nayo CC ilikuwa imeshaizima ile ya chungwa. Watu waliotarajia nakala walipewa paka mwingine.

Kuhusu lita 24, nikuambie jambo ambalo litakufurahisha. Tukilinganisha ng'ombe na ng'ombe, takriban robo hadi theluthi tu ya tofauti za maziwa hurithishwa kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni malisho, maji, afya ya kiwele, na mkono wa anayekamua. Matete uliyokata alfajiri, mashudu uliyonunua hata pale fedha ilipokuwa ya ada, kuogesha dhidi ya kupe kwa wakati, hayo nayo yalikuwa ndani ya zile lita 24. Doto wa Subira akizaliwa kwa mtu asiyejali atatoa lita 9, na mwenye ng'ombe atasema alitapeliwa.

Na ndama huyo hatakujua. Hatajua njia ya kisimani wala sauti yako. Sisemi hili kukuumiza. Nalisema kwa sababu wengi wanaolipa fedha ile ya mbwa ni watu waliofiwa, na sioni haki mtu auziwe pacha akidhani ananunua kumbukumbu. Mbwa wa kwanza wa kloni, Snuppy, alizaliwa Korea Kusini mwaka 2005. Viinitete 1,095 viliwekwa kwenye majike 123. Wakazaliwa watoto wawili, akaishi mmoja.

Kuhusu kunywa maziwa, jibu ni fupi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilichunguza kwa miaka kadhaa na Januari 2008 ikasema nyama na maziwa ya ng'ombe, nguruwe na mbuzi wa kloni ni salama kama ya wengine. Sioni sababu ya kisayansi ya kuwapinga. Bunge la Ulaya lilipopiga kura mwaka 2015 kutaka kloni za mifugo zipigwe marufuku, hoja kubwa ilikuwa mateso ya wanyama wenyewe.

Mchungaji wako ana wenzake wengi. Kanisa Katoliki lilikataa kunakili binadamu tangu mwaka 1987, kabla hata Dolly hajawazwa. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliharamisha kloni ya binadamu, likaacha mlango wazi kwa mimea na wanyama pale penye manufaa na pasipo madhara. UNESCO mwaka huohuo wa 1997, na Umoja wa Mataifa mwaka 2005, nao walisema hapana kwa binadamu. Mimi ni daktari wa mifugo, sitaki kumfundisha mchungaji kazi yake. Ila neno "kushindana na Mungu" haliniambii nifanye nini nikiwa na kesi mbili tofauti mbele yangu. Mimi huuliza maumivu yanabebwa na nani, na ni kwa faida ya nani.

Chukua kesi ya mnyama mdogo wa Marekani, jamii ya kicheche, mwenye miguu myeusi. Waliobaki wote duniani wametokana na wanyama saba tu, kwa hiyo wamekuwa ndugu wa karibu mno. Kulikuwa na jike aitwaye Willa ambaye hakuacha uzao, lakini seli zake ziligandishwa mwaka 1988. Tarehe 10 Desemba 2020 alizaliwa kloni wake, Elizabeth Ann, na baadaye wengine wawili, na mmoja wao, Antonia, alizaa mwaka 2024. Damu iliyokuwa imepotea ikarudi kwenye ukoo. Hapo kloni imeongeza utofauti badala ya kuupunguza, na mimi naikubali kwa moyo mweupe. Kinyume chake ni mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees. Wa mwisho, Celia, alikufa Januari 2000. Mwaka 2003 Wahispania walifanikiwa kuzalisha kloni wake, akafa dakika chache baada ya kuzaliwa kwa hitilafu ya mapafu. Hata angeishi, angekuwa jike peke yake duniani, bila dume.

(Kwa kuwa wengi huchanganya: wale vifaru weupe wa kaskazini, Najin na Fatu, walioko Ol Pejeta nchini Kenya, hawafanyiwi kloni. Mayai ya Fatu yamechanganywa na mbegu za madume zilizogandishwa. Huko ni kupata watoto wapya wenye baba na mama.)

Kazi ya Tumaini ninaikubali pia, nikitaka kuona hesabu ya majike waliobebeshwa ikitangazwa kila mara pamoja na jina la ndama. Lakini kumnakili Subira ili apatikane ng'ombe mmoja wa maziwa, hapo majike kadhaa wangeumia kwa jambo ambalo lina njia nyepesi zaidi. Na kama Rungwe nzima ingejaa nakala za Subira, basi mkumbuke bogoya. Siku ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ikija kwa sura inayomweza Subira mmoja, ingewaweza wote kwa wiki moja.

Sasa mwanao.

Hapana, mama. Hakuna binadamu aliyethibitika kuzaliwa kwa njia hii. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni iitwayo Clonaid ilitangaza kwamba imezalisha mtoto wa kike, haikuonyesha ushahidi wowote wakati ule wala baadaye. Mwaka 2004 na 2005 Hwang Woo-suk wa Korea Kusini, yuleyule wa mbwa Snuppy, alisifiwa dunia nzima kwa kudai amepata seli kutoka viinitete vya binadamu vya kloni. Ikagundulika data zilighushiwa, na jarida la Science likafuta makala zake mwaka 2006. Ikajulikana pia kwamba baadhi ya mayai yalitoka kwa wanawake vijana waliokuwa chini yake kazini. Kwangu hilo ni zito kuliko hata uongo wa data, kwa sababu mtu anayekulipa mshahara akikuomba yai lako, hapana yako ina bei.

Walio karibu nasi zaidi kati ya walionakiliwa ni kima wadogo wawili wa Shanghai, Zhong Zhong na Hua Hua, waliotangazwa Januari 2018. Wao walitokana na seli za kijusi. Watafiti walewale walipotumia seli za kima aliyekomaa, majike 42 walibebeshwa, wakazaliwa wawili, na wote wawili wakafa. Ziweke hesabu hizo kwenye wodi ya wazazi: akina mama 42 kitandani, mimba zinazoharibika, vichanga viwili visivyoishi. Hakuna daktari mwenye dhamiri anayeweza kuagiza jambo hilo, na nchi nyingi zimelifanya kuwa kosa la jinai, Uingereza tangu mwaka 2001.

Na hata siku ikija ufundi ukakamilika, mtoto huyo angekuwa nani? Sisi tuna desturi ya kumpa mtoto jina la marehemu. Unamwita mjukuu kwa jina la baba yako, unamtania "baba", unacheka naye, na yeye anakua akijua yeye ni yeye. Jina amebeba, maisha ya mtu mwingine hakubebeshwa. Doto wa mwanao angeletwa duniani akiwa na sura ileile na deni la kuwa mtu ambaye hakuwahi kuwa. Kila akicheka watu wangesikiliza kama kicheko ni kile. Akipenda ufundi magari wakati kaka alipenda shule, wangeona amepotea njia. Sidhani yuko mama angetaka kumfanyia mtoto hivyo, na sidhani wewe ulikuwa unaomba hivyo. Nadhani ulitaka kujua kama kuna mlango umefungwa mbele yako huku wengine wakiufungua kwa siri. Haupo. Hakuna mtu aliyenyimwa au aliyepewa. Usijilaumu kwamba kuna jambo ulipaswa kufanya siku zile ukachelewa.

Nimalizie kwa Subira, maana yeye bado yuko hai zizini.

Umesema amezaa ndama saba, hukusema majike ni wangapi na wako wapi. Kila binti wa Subira amebeba nusu ya vinasaba vyake. Kama umebaki na mmoja, huyo ndiye mali yako kubwa kuliko kloni yoyote. Kama uliwauza, mtafute aliyewanunua. Rungwe watu wanajuana, na mjukuu wa Subira anaweza kurudi nyumbani kwa makubaliano ya kawaida. Usimpandishe binti kwa dume aliyezaliwa na Subira mwenyewe hata kama ni zuri, ni ndugu yake. Muulize mhimilishaji wa wilaya mbegu za madume yaliyopimwa kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, na umwambie uzito wa binti huyo ili asimpe mbegu ya dume la ndama wakubwa kama ni uzao wake wa kwanza. Subira mwenyewe, kama bado anaonyesha joto na meno yake bado yanatafuna, mwite daktari ampime kizazi kabla hujaamua kumhimilisha tena. Kwa umri wake usibahatishe. Ipo njia ya kuvuna viinitete kwa ng'ombe bora na kuviweka kwa majike wengine, nayo huleta watoto wa kweli wenye baba, lakini kwa jike mzee viinitete huwa vichache na gharama ni kubwa, mimi nisingekushauri.

Anza daftari leo. Andika maziwa ya asubuhi na ya jioni ya kila jike, kwa kipimo kilekile, na tarehe za joto. Ukimwona binti wa Subira asubuhi anapandwa na wenzake naye akasimama tuli, mhimilishaji aje jioni ya siku hiyohiyo. Ukimwona jioni, aje kesho yake asubuhi.